Android, Sailfish OS, Ubuntu Touch na postmarketOS: kuchagua mfumo wa simu kwa kutazama ulivyojengwa

Katika darasa la jioni ninalofundisha karibu na Wandegeya, hapa Kampala, haupiti muhula bila mwanafunzi kuja na simu ambayo fundi amemwambia haina dawa. Skrini yake ni nzima na betri bado inafika jioni, lakini programu anazozihitaji zinaikataa, kwa sababu toleo la Android lililomo limepitwa na wakati na kampuni iliyoiunda simu haitoi tena masasisho. Swali lake huwa moja: Mwalimu, niiwekee mfumo gani mwingine? Amesikia kwamba ipo mifumo mingine ya Linux, ameona picha zake, na sasa amekwama kati ya majina manne.

Nitailinganisha hiyo minne. Wa kwanza ni Android, pamoja na matoleo yanayotokana na msimbo wake huria, kama LineageOS iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2016. Wa pili ni Sailfish OS ya kampuni ya Jolla ya Finland, wa tatu ni Ubuntu Touch inayotunzwa na wakfu wa UBports, na wa nne ni postmarketOS, iliyotangazwa mwaka 2017. KaiOS nimeiacha nje, ingawa nayo ina kerneli ya Linux (kerneli ni kiini cha mfumo, kinachosimamia vifaa na programu) na huendesha simu za vitufe zenye RAM ya MB 256, kwa sababu si mfumo ambao mtu huuweka kwenye simu aliyonayo. Huja na simu yake na huishia humo.

Vigezo

Mifumo yote minne inatumia kerneli aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, kwa hiyo kumwambia mtu kwamba "huu ni mfumo wa Linux" hakumsaidii kuchagua. Ninapima mambo matano: jinsi kerneli inavyokutana na viendeshi vya chipu (programu zinazoiwezesha kuamrisha vifaa vya simu), tabaka la kati linalounganisha kerneli na programu, jinsi programu moja inavyozuiwa isichungulie mambo ya nyingine, njia ambayo masasisho hufika, na mwisho, kama simu itaweza shughuli za kila siku za Mganda, yaani pesa za simu, maongezi na WhatsApp. Kigezo cha kwanza nakipa uzito kuliko vingine vyote, kwa sababu ndicho kinachoamua simu itaishi miaka mingapi.

Kerneli na viendeshi

Kompyuta ya mezani inapowashwa, huiambia kerneli ina vifaa gani ndani yake. Simu haifanyi hivyo. Kerneli ya simu lazima ipewe ramani ya vifaa iliyoandikwa kwa ajili ya modeli hiyohiyo, ikionyesha kamera imeunganishwa wapi, skrini inapata umeme kwa njia ipi na modemu, kipande kinachoiunganisha simu na mtandao, inaamshwa namna gani. Kampuni inayotengeneza chipu huchukua kerneli ya mwaka fulani, huiongezea maelfu ya mistari yake, huikabidhi kwa kampuni inayounda simu, na mara nyingi haiirudishi mistari hiyo kwenye kerneli kuu ya Torvalds. Siku kampuni ya chipu inapoacha kuitunza nakala yake, simu hubaki pale ilipo.

Tuliwahi kuichomeka simu ya mwanafunzi kwenye kompyuta, tukafungua terminali na kuandika uname -r. Jibu lilianza na 3.18. Toleo hilo la kerneli lilitoka Desemba 2014, na simu yenyewe ilinunuliwa miaka kadhaa baadaye ikiwa mpya dukani. Darasa zima lilinyamaza, kwa kuwa wote walidhani simu mpya ina vitu vipya ndani.

Android ilikabiliana na tatizo hili kwa kuchora mpaka. Mwaka 2017, katika Android 8, Google ilileta mpango wa Treble, ambao uliweka viendeshi vya kampuni ya chipu katika sehemu yake ya hifadhi na mfumo wenyewe katika sehemu nyingine, huku pande mbili zikizungumza kwa mkataba usiobadilika ovyo. Matokeo yake ni kwamba mfumo unaweza kupandishwa toleo bila kuandika upya viendeshi. Baadaye, kwa simu zinazotoka kiwandani na Android 12 na kerneli 5.10 au ya baadaye, kiini cha kerneli kikawa kimoja kinachotolewa na Google, na nyongeza za kampuni zikawa moduli zinazopakiwa pembeni. Mpaka huo ni mzuri kweli, lakini nani atapandisha toleo bado ni uamuzi wa aliyeunda simu, au wa watu wa kujitolea kama wale wa LineageOS.

Sailfish OS na Ubuntu Touch zina njia nyingine, na hapa ndipo wasomaji wengi hukosea. Hudhani kwamba mifumo hii imeachana na Android kabisa, kumbe imejiegemeza mgongoni mwake. Viendeshi vya simu viliandikwa kwa ajili ya Bionic, maktaba ya C ya Android (msimbo wa msingi ambao programu zote huutegemea), ilhali mifumo hii hutumia glibc, maktaba ileile ya kompyuta za Linux. Kipande kiitwacho libhybris husimama katikati kama mkalimani, na programu za glibc huweza kuvitumia viendeshi vya Android bila kujua tofauti. Ubuntu Touch, kwenye simu nyingi, huenda mbali zaidi kupitia mradi wa Halium: toleo la kerneli la kampuni iliyounda simu huachwa lilelile, vipande vichache vya Android huendeshwa ndani ya kontena, yaani chumba kilichotengwa ndani ya mfumo, na kila kilichobaki ni Linux ya kawaida. Faida yake ni kwamba kamera, sauti na modemu hufanya kazi kwa haraka kwenye simu ambazo tayari ziko sokoni. Hasara yake ni kwamba kerneli inabaki ileile kuukuu. Mwanafunzi wetu angeiwekea simu yake Ubuntu Touch na kuandika uname -r tena, jibu lingeanza na 3.18 vilevile.

postmarketOS imekataa mkalimani. Lengo lake, tangu lilipotangazwa, ni simu kuishi miaka kumi, na waasisi wake waliona kwamba hilo haliwezekani bila kuirudisha simu kwenye kerneli kuu. Wachangiaji huandika upya ramani ya vifaa na viendeshi vinavyokosekana, kisha huvipeleka kwa Torvalds na wenzake ili vitunzwe humo pamoja na vya kompyuta nyingine zote. Simu zenye chipu ya Snapdragon 845, kama OnePlus 6, zimefika mbali kwa njia hii. PinePhone ya Pine64 ilibuniwa kwa ajili hiyo tangu mwanzo. Lakini kazi hii huenda polepole. Kuna simu inayowaka vizuri, ikaonyesha skrini na kushika Wi-Fi, huku kamera ikiwa haijaguswa na maongezi hayana sauti. Anayeingia huku aingie akijua.

Ninaiona njia ya postmarketOS kuwa ndiyo sahihi kiusanifu, na sitaficha hilo. Hata hivyo usahihi wa usanifu haupokei simu ya mama kutoka Masindi, kwa hiyo vigezo vingine vinne vina haki yao.

Tabaka la kati

Android imejenga karibu kila kitu chake. Ina maktaba yake ya C, programu yake ya kuanzisha mfumo, njia yake ya mawasiliano kati ya michakato (programu zinazoendelea kufanya kazi) iitwayo Binder, na ART, injini inayoendesha programu na iliyochukua nafasi ya Dalvik katika Android 5 mwaka 2014. Jambo moja la ustadi linastahili kutazamwa kwa karibu. Simu inapowaka, mchakato mmoja uitwao Zygote hupakia kwenye RAM maktaba ambazo programu nyingi zitahitaji, kisha husubiri. Ukigusa alama ya programu, Zygote hujigawa, na mtoto anayezaliwa huwa tayari na kila kitu cha mama, akishiriki naye kurasa zilezile za kumbukumbu hadi atakapozibadilisha. Hiyo ni moja ya sababu simu yenye RAM ya GB 1 iliweza kuendesha matoleo ya awali ya Android Go, ile Android nyepesi ya simu ndogo.

Sailfish OS inafanana zaidi na kompyuta. Ina systemd ya kuanzisha na kusimamia huduma za mfumo, glibc, Wayland kwa ajili ya skrini, vifurushi vya programu vya aina ya RPM, na programu zilizoandikwa kwa zana za Qt. Mwonekano wake, uitwao Silica, una sehemu ambazo msimbo wake haujafunguliwa, jambo ambalo mpenda programu huria anapaswa kulijua kabla, si baada. Ubuntu Touch nayo ina systemd, glibc na Qt, pamoja na eneo la kazi la Lomiri, lililoitwa Unity 8 wakati mradi ukiwa mikononi mwa Canonical, kampuni ya Ubuntu, kabla kampuni hiyo haijauacha mwaka 2017.

postmarketOS imejengwa juu ya Alpine Linux, ambayo hutumia musl badala ya glibc na BusyBox badala ya zana kubwakubwa. Msingi wake ni mdogo mno. Picha ya Alpine inayotumika kwenye kontena za seva ni MB chache tu. Juu ya msingi huo unachagua mwenyewe mwonekano: Phosh, Plasma Mobile, au Sxmo kwa anayependa kuendesha simu kwa vitufe vya pembeni na menyu za maandishi. Hakuna mfumo mwingine kati ya hii minne unaokuachia uhuru huo, na hakuna mwingine unaokutaka ujue mengi kiasi hicho.

Programu moja isiione nyingine

Hapa Android iko mbele, na haki yake ipewe. Ukiorodhesha michakato kwenye terminali utaona majina kama u0_a214. Kwenye Linux ya kawaida, jina la namna hiyo humwakilisha mtu anayetumia kompyuta; Android imempa kila programu utambulisho kana kwamba ni mtu tofauti. Kwa hiyo kinga ileile iliyobuniwa miaka mingi iliyopita ili wanafunzi wawili wa chuo wasisomeane mafaili kwenye mashine moja ndiyo inayozuia mchezo wa kuchezea usisome mazungumzo yako. Juu yake kuna SELinux, kanuni za ulinzi ndani ya kerneli, ambayo tangu Android 5 hukataza na si kuonya tu.

Ubuntu Touch hutumia AppArmor, ulinzi mwingine wa kerneli, kuzifungia programu zake, na programu inayotaka picha yako hailifikii ghala lote la picha. Hupitia kituo cha kubadilishana ambako wewe mwenyewe unachagua picha ipi itoke. Napenda sana ubunifu huo. Pia programu ikitoka mbele ya skrini husimamishwa, jambo linalookoa betri lakini linalokera pale unapotaka iendelee na kazi nyuma. Sailfish OS ilichelewa kidogo. Uzio wake, unaotegemea Firejail, ulianza katika matoleo ya namba 4.

Kwenye postmarketOS, programu iliyotoka ghala la Alpine kwa kawaida huendeshwa kwa jina lako na inaona mafaili yako, sawasawa na kwenye kompyuta. Flatpak, njia ya kusambaza programu zikiwa ndani ya uzio wake, hupunguza hatari hiyo kwa programu zinazopatikana kwa njia hiyo. Anayebeba siri za wateja au za wagonjwa aliweke jambo hili kwenye mizani.

Masasisho

Android ya kisasa huandika toleo jipya katika sehemu ya pili ya hifadhi wakati wewe unaendelea na ya kwanza, na ikishindwa kuwaka hurudi ilikotoka. Ubuntu Touch huweka mfumo katika hali ya kusomwa tu na huubadilisha kama picha moja nzima, kwa hiyo ni vigumu mtumiaji kuuharibu. Sailfish OS hupanda kwa vifurushi, na aliyebaki nyuma sana lazima apitie matoleo fulani ya kati kwa mpangilio, hawezi kuruka. postmarketOS hutoa toleo thabiti mara mbili kwa mwaka ikifuata Alpine, na huleta vifurushi vilivyobadilika tu, jambo ambalo mwenye bando la siku atalithamini.

Pesa, maongezi na WhatsApp

Katika nchi ambazo benki zote zimehamia kwenye programu, mifumo mitatu ya mwisho ina shida kubwa, kwa kuwa programu hizo huuliza huduma za Google kama simu ni halali, na zikipata jibu lisiloridhisha hukataa kufunguka. Uganda tuna njia nyingine. *165# ya MTN na *185# ya Airtel ni USSD, na USSD haihitaji programu wala intaneti. Mfumo wa simu huipa modemu herufi ulizoandika, modemu huzipeleka kwenye mtandao, na jibu hurudi kama maandishi. Android hufanya hivyo kupitia tabaka lake la redio. Sailfish OS na Ubuntu Touch hutumia oFono, mradi ulioanzishwa na Nokia na Intel mwaka 2009. postmarketOS hutumia ModemManager, na ukipenda unaweza kuiandikia *165# moja kwa moja kwenye terminali, kisha ukaona menyu ya MoMo, huduma ya pesa ya MTN, ikijitokeza mstari kwa mstari. Kwa hiyo mtu wa Gulu au Mbarara anayetuma na kupokea pesa kwa USSD hajafungwa na Android kwa sababu hiyo.

Maongezi yanahitaji tahadhari zaidi. Pale minara ya 2G na 3G ingali hai, mifumo yote minne hupiga simu mradi modemu imeunganishwa vizuri. VoLTE, yaani maongezi yanayopita kwenye 4G, ni jambo lingine. Nje ya Android utaikuta kwenye baadhi ya modeli tu.

WhatsApp ndiyo inayowarudisha wengi nyumbani. Haina programu yake kwa Ubuntu Touch wala postmarketOS. Waydroid huweza kuendesha Android nzima ndani ya kontena kwenye mifumo hiyo, mradi kerneli iwe na Binder, lakini arifa na matumizi ya betri havitakuwa kama kwenye Android yenyewe. Sailfish OS ina kipande chake rasmi cha kuendesha programu za Android, kilichofumwa na mfumo vizuri kuliko Waydroid; kwenye simu za Sony Xperia kipande hicho huja na leseni ya kulipia, na toleo la bure hukikosa.

Kwa hali yako

Ikiwa simu hii ndiyo pekee uliyonayo, na kazi yako inategemea makundi ya WhatsApp, programu ya benki au programu ya kupokea abiria wa boda boda, baki na Android. Kama kampuni imeiacha simu yako, tazama kwanza kama LineageOS ina toleo la modeli hiyo, lakini ujue kwamba programu ya benki inaweza kuikataa, hivyo muulize mtu anayeitumia kabla hujafuta kitu.

Ikiwa unataka kupunguza mkono wa Google katika maisha yako na bado unahitaji programu mbili tatu za Android, nawe uko tayari kutafuta Xperia iliyo kwenye orodha ya Jolla, Sailfish OS inakufaa. Hakikisha kwanza kwamba leseni inaweza kununuliwa ukiwa hapa, kwa sababu mauzo yake yalilenga hasa nchi za Ulaya.

Mwenye simu ya pili, anayetaka kifaa tulivu cha kupiga simu, kutuma ujumbe mfupi, kusoma mtandao na kutumia MoMo kwa USSD, atafurahia Ubuntu Touch kuliko anavyodhani. Mzazi anayemnunulia mwanafunzi simu isiyo na vishawishi vingi aifikirie pia.

Mwanafunzi wa kompyuta pale Makerere au Kyambogo, au fundi kijana anayetaka kujua kerneli inavyofanya kazi, achukue simu ya zamani aiwekee postmarketOS. Hata kama haitapiga simu, itakuwa seva ndogo yenye betri yake ndani, inayoendelea kufanya kazi umeme unapokatika. Na akifaulu kuwasha kamera ambayo hakuna aliyewahi kuiwasha, kazi yake itawafaa wote wenye simu hiyo duniani.

Kwa yeyote atakayebadilisha: kufungua butiloda, ile programu ndogo inayoiamsha kerneli, kwa kawaida hufuta kila kitu kilichomo kwenye simu, basi picha na mazungumzo yahifadhiwe kwanza mahali pengine. Na kama unakwenda kununua simu ya mtumba kwenye maduka ya Mutaasa Kafeero, usiridhike na jina lililoandikwa kwenye boksi, maana simu mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na chipu tofauti. Nyingi za bei nafuu zina chipu za MediaTek au Unisoc ambazo mara chache huonekana kwenye orodha za mifumo hii. Fungua mipangilio, nakili namba kamili ya modeli, kisha itafute kwenye orodha ya vifaa ya UBports na ya postmarketOS ukiwa bado umesimama dukani. Soma mistari ya maongezi, ujumbe mfupi, data na kamera. Ukikuta mstari wa maongezi haujajazwa, mrudishie muuzaji simu yake.